Skii za mzee zinauzwa 15,000 hapa Malindi: nichukue au niziache?

MpishiWaBarani

Assalaam alaykum wapwani, wa hapa na wa ughaibuni. Najua wengi mtacheka. Chekeni mmalize, halafu mnisaidie.

Mimi ni mpishi. Msimu wa baridi nafanya kazi jikoni kwenye hoteli moja Bormio, kaskazini mwa Italia. Ikifika Mei narudi Malindi, nakaa mpaka Novemba. Mwaka wa kwanza theluji niliiona dirishani tu, sufuria mkononi. Mwaka wa pili vijana wa jikoni wakanichukua siku ya mapumziko, wakanivisha skii za kukodi, zile mbao ndefu za kuteleza juu ya theluji, na kunifundisha kupanda nazo. Siyo ile ya kuvutwa na mashine hadi kileleni ukateleza chini. Hapa unapanda kwa nguvu zako. Chini ya skii unabandika ngozi yenye manyoya yaliyolala upande mmoja: inateleza kwenda mbele, hairudi nyuma. Ncha ya buti imebanwa, kisigino kinainuka kama unavyotembea. Ukifika juu unabandua ngozi, unafunga kisigino, unashuka. Tangu siku hiyo nimenasa, wallahi.

Shida ni vyombo. Zile ninazokodi ni nzito, na kifungio chake cha buti ni cha fremu, chuma kizima kinachoinuka pamoja na kisigino. Mguu mmoja ni kilo 3, buti bado. Tukipanda mita 1,000, wenzangu wanafika, wanakunywa chai, wanaanza kuhisi baridi, na mimi bado nahema huko chini. Aprili mwakani tumepanga mlima Cevedale, mita 3,769, tulale kwenye kibanda cha Pizzini tuamkie kileleni. Kwa hizo skii siendi kokote.

Sasa sikilizeni. Pale Casuarina kuna mzee wa Kitaliano ambaye baba yangu alimtunzia bustani miaka mingi. Alikuja miaka ya 1970 kufanya kazi San Marco kule Ngomeni, wakati roketi zinarushwa kutoka baharini, na hakuondoka tena. Sebuleni kwake zimetundikwa skii, kama wengine wanavyotundika jambia. Alizinunua 2011 alipokwenda likizo kwao, akazitumia misimu miwili mitatu, magoti yakakataa. Anazitoa kwa 15,000, na ngozi zake ndani ya mfuko.

Nilizipeleka sokoni kwa bodaboda, muuza samaki akanipimia kwenye mizani yake: gramu 880 moja, pamoja na kifungio. Akaniuliza kilo nauza vipi. Fundi cherehani akanikopesha utepe: urefu sentimita 160, kiunoni, yaani upana wa pale katikati palipo pembamba, milimita 64. Vifungio ni vya pini, mbili mbele zinabana pua ya buti na mbili nyuma. Breki hamna. Ukingo wa chuma umepata kutu, chumvi ya bahari haina adabu.

Mimi nina sentimita 176 na kilo 81. Buti ninazo, za pini, kilo 1.3 kila moja, nilizinunua kwa mtu. Kupanda nina pumzi. Kushuka nashuka, lakini kwa dua.

Gramu 880 na kilo 3, jamani! Jana usiku nilizivaa ukumbini nikawa nahesabu hatua. Mama akatoka chumbani, akazitazama, akauliza kama nimeng'oa chaga za kitanda.

Nichukue?

NgamiaWaMambrui

Kaka njoo nazo Mambrui, michanga tunayo mirefu, na ngamia wa kukupandisha nitakupa bure. Mpwani na barafu ni wapi na wapi?

MpishiWaBarani

@NgamiaWaMambrui mchanga utazikwangua tumbo zote. Na hiyo wapi na wapi: Sabrina Simader aliyeiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya Pyeongchang 2018 alizaliwa Kilifi, kaunti yako wewe. Kabla yake kulikuwa na Philip Boit, Nagano 1998, aliyefika wa mwisho akamkuta mshindi Bjørn Dæhlie bado yuko mstarini anamsubiri amkumbatie. Sasa tuachie wenye majibu.

DadaWaShella

Wa alaykum salaam mdogo wangu. Shella ya Malindi, si ya Lamu, na huu ni mwaka wangu wa 11 Innsbruck, Austria. Usizichukue. Ukitaka kubishana, nisome mpaka mwisho kwanza.

Hizo ni skii za mbio. Kanuni za mashindano zinasema skii ya mwanamume isipungue sentimita 160 na kiunoni isipungue milimita 60, kwa hiyo watengenezaji wa skii za mbio hujibana hapo hapo mpakani. Ile 160 haikupimwa kwa mwili wa mtu, imepimwa kwa kanuni. Anayeshuka nazo vizuri ni kijana wa kilo 60 na kitu aliyeanza kuteleza kabla hajaota meno. Wewe kilo 81, weka na begi la kilo 8, halafu unashuka kwa dua.

Theluji si moja. Iko ya unga, hiyo humsamehe kila mtu. Iko ya chenga, ile ya Aprili asubuhi jua likishailegeza kidogo juu, na hiyo ndiyo pilau yenyewe. Halafu iko yenye ukoko. Ukoko wa theluji ni ule ule wa wali: juu mgumu, chini laini. Unakubeba, unakubeba, ukifika katikati ya kona unavunjika. Skii ya milimita 64 ikizama chini ya ukoko inakwenda inakotaka yenyewe, na goti linaifuata. Mimi nilinunua za namna hiyo mwaka wangu wa pili, kwa sababu ile ile yako, uzito. Niliziinua dukani kwa kidole kimoja nikaona nimepata. Machi ile nilianguka mara 14 katika mteremko mmoja. Rafiki yangu alihesabu, sikumuomba. Mara ya 14 kifungio hakikuachia buti kama inavyotakiwa ukianguka. Wiki saba nikaenda kazini kwa magongo, na kazi yangu ni kuuguza wenye magongo.

Halafu hesabu yako ina kosa. Unalinganisha skii na skii, kumbe kinachokuua ni ile fremu, maana unaiinua na kisigino kila hatua. Kifungio cha pini, alichobuni Mwaustria Fritz Barthel miaka ya 1980, hakiinuki na kisigino. Kinabaki juu ya skii, nawe unainua buti tu. Na skii yenyewe haiinuliwi, inaburutwa, theluji imeibeba. Nakuona kabisa unavyotembea, unanyanyua mguu kama mtu anayevuka matope. Acha. Sukuma mbele, chini kwa chini. Uzito wa skii utausikia sehemu mbili: kwenye mteremko mkali unapogeuka kwa kurusha mguu mmoja upande wa pili, na pale njia inapokuwa wima ukazifunga begini.

Kwa hiyo usikimbilie 880. Tafuta skii ya kilo 1.1 hadi 1.3, kiunoni milimita 80 hadi 88, urefu 164 hadi 170. Weka kifungio cha pini cha gramu 300 hivi, chenye breki, na kinachokubali kuongezwa na kupunguzwa nguvu ya kuachia. Jumla kilo 1.5 mguu mmoja. Umeshatua nusu ya mzigo wako, na utashuka ukiwa mtu mzima. Atomic Backland, Blizzard Zero G 85, Movement, wote wanazo za kundi hilo. Na wewe uko Bormio, nyumbani kwa Ski Trab, wanaotengeneza skii tangu 1946! Unakaa kisimani unanunua maji ya mtungi.

Kitu kimoja ukakague leo hii. Vifungio vingi vya mbio havina reli nyuma ya kukisogeza kifungio, vimetobolewa kwa buti ya mtu mmoja. Ubavuni mwa buti yako, upande wa kisigino, kuna namba ya urefu wa soli kwa milimita. Ikitofautiana na ya mzee, itabidi zitobolewe upya.

Na tafadhali, usije ukapunguza uzito kwenye artva (kifaa cha redio cha kumtafuta aliyefukiwa), beleshi na fimbo ya kuchoma theluji kumtafuta aliye chini. Huko kwenu Italia ni sheria tangu tarehe 1 Januari 2022 kuwa navyo mahali penye hatari ya maporomoko. Beleshi liwe la chuma. La plastiki halichimbi theluji iliyoporomoka, ikishatulia inakuwa kama zege.

MbioZaAosta

Nampa heshima yake dada lakini sikubaliani naye yote. 15,000 ni kama yuro 100. Kwa yuro 100 huku hupati hata ngozi mpya. Bro chukua, uwe unapandia asubuhi pembeni ya njia zilizosawazishwa na mashine kabla ya kazi. Pale theluji imepigwa pasi, hamna ukoko, unajenga pumzi. Za kwenda Cevedale utanunua baadaye. Mimi nina pea mbili, na ile ya mbio ndiyo inayotoka kila wiki. Hata mchezo wenyewe umeingia Olimpiki mwaka huu 2026, na mbio zilikuwa hapo hapo kwako Bormio. Usiogope wembamba.

DadaWaShella

@MbioZaAosta wewe umejaaliwa pea mbili na mshahara mmoja wa kujilisha peke yako. Huyu ana mama. Na njia zile zilizosawazishwa, sehemu nyingi ni marufuku kupanda, kuna njia na saa maalumu. Mwambie na hilo.

MbioZaAosta

Ni kweli, aulize kituo chenyewe kwanza. Kwangu kuna njia imetengwa kwa wapandaji.

FundiMatondoni

Vijana, mie ni fundi wa vyombo, Lamu, Matondoni. Theluji nimeiona ndani ya friji. Lakini mjukuu kanisomea haya mazungumzo na nina neno, maana naona mwazungumza habari ya ubao, na ubao ni kazi yangu.

Kwanza niambieni, ndani mna mti gani?

MbioZaAosta

Shikamoo fundi. Nyingi za nyepesi ndani mna mti unaoitwa paulonia, asili yake Uchina. Mita moja ya ujazo ina kilo 280 hivi, ukiwa mkavu. Juu na chini wanalaza vitambaa vya kioo au kaboni kwa gundi, pembeni ukingo wa chuma, tumboni plastiki ngumu. Zilizo nzito kidogo huchanganywa na mti mwingine mgumu zaidi pale vinapofungwa vifungio, ili skurubu zishike.

FundiMatondoni

Marahaba. Kilo 280! Mvule ni zaidi ya mara mbili ya huo. Huo si ubao, ni boya.

Basi sikiliza, mpishi. Huku kwetu kuna mashua ya mashindano na kuna jahazi la boriti. Ya mashindano mbao zake nyembamba, ikipata kaskazi inaruka, watu wanashangilia Lamu nzima. Lakini itie kwenye wimbi fupi la mlangoni, upepo na mkondo vikipingana: inatupwa kama kifuu. Haina uzito wa kukata wimbi. Jahazi linapita hapo hapo na nahodha anakunywa kahawa. Huyo dada akisema ukoko, mie nasikia wimbi. Chombo chepesi hakikati, hupanda. Na kinapopanda, anayekituliza ni nahodha. Wewe umesema mwenyewe unahodha wako ni wa dua.

Lakini hilo la dada limetosha. Langu ni hili: chombo hicho kimekaa ukutani miaka kumi na ushee kando ya bahari. Usinunue ubao uliounganishwa kwa gundi kabla hujaugonga. Uweke juu ya mto, uugonge kwa kifundo cha kidole kuanzia omo mpaka tezi, pole pole, kila inchi. Uliposhikana unalia mkavu. Ulipoachana unalia kama debe. Halafu zikutanishe tumbo kwa tumbo uzitazame dhidi ya jua, uone kama moja imepinda kuliko mwenzake. Kutu ya juu si kitu, jiwe litaitoa. Itazame iliyojificha kati ya chuma na plastiki. Pitisha ukucha pale kwenye muungano. Ukucha ukiingia, na maji yameshaingia.

Na tumboni wanapaka nini? Sisi twapaka deheni.

DadaWaShella

Shikamoo fundi. Wanapaka nta, inayeyushwa kwa pasi halafu inakwanguliwa. Ubao ukikaa bila nta unakauka, unakuwa mweupe mweupe kama mguu wa mtoto aliyecheza baharini.

FundiMatondoni

Basi ni deheni ya baridi.

MpishiWaBarani

Nimerudi. Nimetoka kwa mzee sasa hivi.

Soli kwanza. Buti yangu imeandikwa 307. Za mzee bado anazo kabatini, 288. Nyuma hamna reli hata ya dawa. Dada, hapo ulinipiga goli la kwanza.

Kisha tukagonga. Nilimweleza mzee kuhusu fundi wa Matondoni, akafurahi sana, akaleta mto wake mwenyewe. Ya kulia ilikuwa safi, ko ko ko mpaka mwisho. Ya kushoto ilikwenda vizuri kutoka omo, ikapita kifungio, na shubiri moja kabla ya tezi: debe. Mzee mwenyewe alinyanyua uso. Tukageuza, nikapitisha ukucha, ukaingia. Kutu imekwenda mpaka ndani, na plastiki imeinuka kidogo ukibonyeza.

Ngozi ndizo zilizonichekesha. Joto la Malindi limeifanya ile gundi kuwa asali. Tulipozitenganisha zilivuta nyuzi mpaka sakafuni, paka wa mzee akakanyaga. Bado tunamsafisha.

Mzee akasema basi, hachukui hata shilingi. Akaniambia kitu ambacho hakuniambia wakati ananiuzia: hata yeye alikuwa akizivua sehemu za ukoko na kushuka kwa miguu.

Kwa hiyo nimeamua hivi. Desemba nikifika nitakodi za kilo 1.2, milimita 85, siku mbili, moja kwenye theluji nzuri na nyingine kwenye mbovu makusudi. Zikinikubali nitasubiri mwisho wa msimu, maduka yakiuza zile walizokuwa wakikodisha. @MbioZaAosta samahani, pea ya pili itanisubiri.

Swali la mwisho, ngozi ninunue za aina gani? Kuna wanaosema za mbuzi tupu.

DadaWaShella

Za mbuzi tupu, ile moheri, zinateleza vizuri mno na ni nyepesi, lakini zinakatika mapema na kwenye mwinuko mkali mtu wa kilo 81 zitamrudisha nyuma. Za nailoni zinashika sana na hazichakai upesi, ila utadhani unaburuta mkeka. Chukua mchanganyiko, moheri 70 kwa nailoni 30. Zikatwe kwa umbo la skii yako, chuma cha ukingo kibaki wazi pande zote mbili. Na usije nazo Malindi! Ziache Bormio, mahali pa baridi, umekunja gundi kwa gundi.

Na kwa Aprili nunua yale makucha ya kuchomeka chini ya kifungio. Asubuhi theluji ya kule Cevedale inakuwa kioo, ngozi peke yake haishiki. Kule juu ni barafu ya kudumu yenye nyufa, kwa hiyo mfungane kamba na muwe na mtu anayeijua njia. Ukirudi nyuma kule hakuna wa kukudaka.

MbioZaAosta

Hapo dada namuunga mkono. Hata mimi makucha sikosi.

FundiMatondoni

Mpishi, ile mbovu mzee anaifanyia nini?

MpishiWaBarani

Alitaka kuitupa. Ile nzima ameirudisha ukutani, peke yake, inaonekana kama rula. Kwa nini fundi?

FundiMatondoni

Nataka kuipasua kwa msumeno nione hiyo paulonia na hivyo vitambaa vilivyolazwa. Wajukuu nao waone.

MpishiWaBarani

Nimemuuliza, amekubali, ila anataka kipande cha urefu wa kiganja kirudi kwake kikiwa kimepasuliwa, akiweke mezani. Naifunga kwa gunia jioni hii, kesho inapanda basi la asubuhi mpaka Mokowe. Nimeandika jina lako juu yake, na kondakta nimemwambia si chaga za kitanda. Tuma mtu gatini saa nane.